Samani za nakshi: Nani analipia uzuri wa sebule zetu?

Katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu (s.w.) anazitaja nyumba zetu kuwa ni neema aliyotupa ili tupate utulivu ndani yake. Katika aya hiyo hiyo anavitaja pia vyombo vya ndani, vinavyotokana na sufi na manyoya ya wanyama, kuwa ni vitu vya kutumia na kustarehea kwa muda. Kwa hiyo Muislamu anayenunua kitanda, kabati au kochi hana sababu ya kuona haya, kana kwamba ameiacha Akhera na kuifuata dunia. Samani ni neema, na neema hutumiwa.

Swali, basi, siyo kama samani ni halali. Swali ni hili: uzuri uliomo sebuleni mwangu umelipiwa na nani? Je, ni mimi peke yangu niliyetoa fedha dukani, au kuna mwingine aliyelipa bila ya kuulizwa?

Nauliza hivyo kwa sababu mapambo ya nyumba yamekuwa jambo kubwa katika miji yetu. Ukipita Keko au Kariakoo utaona makochi yenye migongo iliyochongwa, meza zenye miguu iliyopinda mithili ya makucha ya simba, na vitanda vyenye maua, ndege na majoka kichwani. Muuzaji atakuambia kwa fahari kuwa huo ni mtindo wa Kichina. Fundi wa mtaani naye, awe wa Dar es Salaam, Morogoro au Mikumi, huletewa picha kwenye simu na mteja akaambiwa amchongee kama ile.

Ndugu msomaji, kwanza tuwe waadilifu. Uchongaji wa Kichina si kitu cha kubezwa. Mafundi wa enzi ya Ming (1368–1644) walitengeneza viti na makabati ambayo mengine yapo mpaka leo, na walifanya hivyo kwa kuunganisha mbao bila kutegemea misumari: ulimi wa ubao mmoja unaingia katika tundu la mwingine, na kiungo kinashika kwa karne kadhaa. Nakshi zao nazo hazikuwekwa ovyo, bali zina maana. Popo huchongwa kwa sababu jina lake kwa Kichina linasikika sawa na neno la baraka. Komamanga huchongwa kwa ajili ya wingi wa mbegu zake, ikiwa ni kuomba uzao mwingi. Joka ni alama ya nguvu na ya ufalme. Nakshi ni lugha, na anayeiweka nyumbani mwake anasema jambo, hata kama hajui analosema.

Isitoshe, Uchina si nchi ngeni kwetu wala kwa Uislamu. Msikiti Mkuu wa Xi'an ni kazi ya mbao na nakshi za Kichina, na ndani ya ukumbi wake wa swala mna mbao zilizochongwa aya za Qur'an. Zheng He, amiri wa safari kubwa za baharini za mwaka 1405 hadi 1433 zilizofika mpaka pwani ya Afrika Mashariki, alitoka katika familia ya Waislamu. Wazee wetu wa pwani walipachika vyombo vya kaure ya Kichina katika nguzo za makaburi yao, na ushahidi uko Kunduchi. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa Wachina katika miaka ya 1970, na huko Rudewa, wilayani Kilosa, kampuni ya Kichina iliingia katika kilimo cha mkonge miaka mingi iliyopita. Basi asije mtu akasema kuwa makala haya ni ya chuki dhidi ya taifa fulani. Hapa anayehojiwa ni mnunuzi, na mnunuzi ni mimi na wewe.

Sasa tuitazame biashara yenyewe. Sehemu kubwa ya samani zinazoshushwa bandarini na kuitwa za Kichina hazina uhusiano na mafundi wa Ming. Ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, likafunikwa karatasi yenye rangi ya mti, na nakshi yake ikapigwa kwa mashine. Likiingia maji linavimba, na ukilihamisha nyumba mara mbili skrubu zinalegea. Kwa upande wa pili, kule Uchina kwenyewe wenye uwezo wanataka samani za asili za mbao ngumu ambazo wanaziita hongmu. Mwaka 2000 nchi hiyo iliweka kiwango rasmi cha miti inayostahili jina hilo, ikaorodhesha aina 33, na mpingo wetu ukawa mmojawapo.

Matokeo yake yanajulikana. Baada ya Daraja la Mkapa katika mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, magogo ya kusini yalipata njia nyepesi ya kufika Dar es Salaam. Mwaka 2004 Serikali ilizuia magogo ghafi kusafirishwa nje. Hata hivyo, ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilionyesha kuwa takwimu za Uchina za mbao zilizopokelewa kutoka Tanzania zilikuwa mara 10 ya zile zilizoandikwa hapa kuwa zimetoka, na kwamba nchi ilikuwa ikipoteza mapato yanayofikia dola milioni 58 kwa mwaka. Mpingo na jamii yake yote uliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES mwanzoni mwa mwaka 2017. Mwaka 2023 ikafuata miti ya jamii ya mninga na mkongo ya Afrika. Maana yake ni kwamba dunia imekiri kuwa miti hii inaweza kutoweka.

Yaani gogo linaondoka na vumbi linarudi. Kijana wa Kitanzania aliyejifunza kushika randa na patasi anabaki katikati, hana mbao nzuri wala mteja.

Hebu tusogee Kilosa na Mikumi ili jambo hili lisibaki hewani. Anayesafiri kwa barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kisha huingia mji mdogo wa Mikumi, mahali ambapo njia ya Kilosa inachepuka kwenda kaskazini na ya Kidatu na Ifakara inakwenda kusini. Nje ya hifadhi kuna miombo ya vijiji na misitu ya Serikali, na nyuma yake safu za Rubeho na Ukaguru. Humo mnaota mninga na mpingo. Mti wa mninga au mpingo huchukua kwa kawaida zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kutoa ubao wa maana. Mnunuzi anayechagua kitanda kwa dakika 20 anachagua kitu kilichoanza kukua kabla babu yake hajaoa.

Misitu hiyo si mbao tu. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukafunika sehemu kubwa ya mji wa Kilosa, ukaharibu Reli ya Kati, na maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Mvua ilikuwa kubwa, na hiyo ni qadari ya Allah (s.w.). Lakini mlima uliovuliwa miti haushiki maji, na kila mkulima anaujua ukweli huo. Udongo wa mashamba ya mlimani ndio unaojaza mto wa bondeni.

Hapa ndipo suala la kimaadili linapoanza. Ndugu mmoja atasema: “Mimi nimetoa fedha yangu ya halali, nikapewa risiti. Mambo ya msitu yananihusu nini? Hiyo ni kazi ya maafisa wa misitu.”

Hoja hii ina sehemu ya ukweli. Sharia haimtaki mnunuzi awe mpelelezi. Mtu akikuta bidhaa sokoni, kwa muuzaji anayejulikana, asili yake ni kuwa halali. Lakini Mtume (s.a.w.), katika hadithi mashuhuri ya Nu'man bin Bashir (r.a.), alitufundisha kuwa kati ya halali iliyo wazi na haramu iliyo wazi yapo mambo yenye shubha, na anayeyaepuka ameisalimisha dini yake na heshima yake. Sasa, mbao ikiuzwa usiku, haina alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), haina hati ya kusafirishia, na bei yake haifiki hata ushuru unaotakiwa kulipwa, hivi kweli bado tunaweza kusema hatukujua? Mtu akiuziwa simu mpya kwa bei ya soda, atajua kuwa imeibwa. Kwa nini akiuziwa ubao wa mninga kwa bei ya soda asijue?

Na aliyeibiwa ni nani? Si Serikali peke yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kuulinda, kuuvuna kwa mpango na kubaki na mapato yake. Vijiji kadhaa vya Kilosa, vikiwemo Ulaya Mbuyuni na Ihombwe iliyo upande wa Mikumi, vilianza kufanya hivyo katika mradi ulioanza mwaka 2012 kwa ushirikiano wa shirika la TFCG, mtandao wa MJUMITA na halmashauri ya wilaya. Utaratibu wao ni kuugawa msitu katika vitalu vidogo vya mita 50 kwa 50, kuvuna kwa zamu, kuacha visiki vichipue kwa miaka 24 kabla ya kurudi, na kutogusa miti ya mbao wanapokata ya mkaa. Ushuru unaopatikana umejenga madarasa na kugharimia huduma za afya na maji. Gogo likitoroshwa katika msitu wa namna hiyo, aliyeibiwa ni mtoto anayekaa chini darasani. Sebule yangu inapata kiti kwa sababu yeye amekikosa. Qur'an, katika kisa cha Nabii Shuaib (a.s.), Sura Al-A'raf aya ya 85, inakataza kuwapunguzia watu vitu vyao na kufanya uharibifu katika ardhi. Makosa hayo mawili yametajwa pamoja, na katika gogo la wizi yamo yote mawili.

Wapo watakaosema kinyume: “Basi tuache kabisa samani za mbao za asili, tuinusuru misitu.” Hili nalo si sahihi. Kinachofyeka misitu ya Kilosa kwa kiasi kikubwa zaidi ni mashamba yanayofunguliwa kila mwaka, na mkaa tunaoupikia sisi wa mijini, wala siyo kitanda. Mninga uliogeuzwa kitanda imara utalaza baba, mtoto na mjukuu. Mninga huo huo ukichomwa mkaa utaivisha maharage ya siku chache. Aidha, mti usio na thamani mbele ya mwanakijiji hatakuwa na sababu ya kuulinda. Kwa hiyo mnunuzi anayelipa bei ya haki kwa mbao ya halali ni rafiki wa msitu. Anayeununua msitu kwa bei ya wizi ndiye adui yake, hata kama anachangia kampeni ya kupanda miti.

Tuje kwa fundi. Dini yetu haimdharau seremala. Nabii Nuh (a.s.) aliunda jahazi kwa mikono yake. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Mimbari ya Mtume (s.a.w.) ilitengenezwa na seremala wa Madina kwa mbao za msitu wa Ghaba, na katika Bukhari tunasoma kuwa kigogo cha mtende alichokuwa akikiegemea hapo kabla kililia kwa kuachwa, mpaka akateremka na kukituliza. Umma ulioambiwa habari ya kigogo kilicholia haufai kuuona mti kuwa ni kitu cha kufyekwa bila fikra, wala kumuona anayeuchonga kuwa ni mtu wa kupunjwa.

Lakini tunampunja. Tunampa fundi wa Mikumi kishika uchumba kidogo, tunachukua kabati, halafu malipo yanakuwa njoo kesho. Huku dukani mjini tunalipa fedha taslimu kwa vumbi lililogandishwa na tunashukuru kwa kupunguziwa kidogo. Agizo la Mtume (s.a.w.) la kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka halikumvua fundi wa randa. Kwa upande wake, fundi naye ajihesabu. Ahadi ya wiki mbili inayogeuka miezi minne, mbao mbichi inayouzwa kuwa kavu, na mbao laini inayopakwa rangi ya mninga ni ghushi. Wengi wamekimbilia samani za kontena kwa sababu walichoshwa na ahadi za mafundi wetu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hakijiuzi kama hakijakamilika.

Liko pia suala la nakshi yenyewe. Muislamu achongeshe joka, ndege au simba kichwani mwa kitanda chake? Mama Aisha (r.a.) alitundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akalichukia, na likakatwa likafanywa mito. Hadithi hiyo iko katika Bukhari na Muslim, na kwayo wanazuoni wengi wa Kishafi wametofautisha picha ya chenye roho iliyowekwa mahali pa heshima na ile inayokaliwa au kukanyagwa. Kichwa cha kitanda na mgongo wa kochi la wageni ni mahali pa heshima. Na fundi atakayesema kuwa hiyo ndiyo riziki yake, suala lake liliulizwa zamani. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akasema kuwa anaishi kwa kutengeneza picha. Ibn Abbas akamsomea onyo zito, kisha akamfungulia mlango: kama ni lazima utengeneze, basi tengeneza miti na visivyo na roho.

Huo si mlango mwembamba. Milango ya Zanzibar imejaa mawaridi, minyororo, majani na aya, na dunia nzima inakwenda kuipiga picha. Samadari na makasha ya pwani yalipamba nyumba za wazee wetu bila joka hata moja. Kutoka kwa Wachina tuchukue kiungo kisichohitaji msumari na subira ya fundi wao. Joka tuwaachie wenyewe, kwani ni neno la lugha yao.

Mwisho ni israfu, na hapa ndipo wengi tunapoanguka. Katika Sahih Muslim, Jabir (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alihesabu kitanda cha mume, cha mke na cha tatu cha mgeni, akasema cha nne ni cha shetani. Wanazuoni wamefafanua kuwa makusudio ni kinachozidi haja kwa ajili ya kujifakharisha. Sasa tuangalie seti ya makochi ambayo watoto wa nyumba wanakatazwa kuyakalia, iliyofunikwa vitambaa ikimsubiri mgeni wa Idi. Tuangalie bwana harusi anayekopa kwa riba ili chumba cha bibi harusi kiwe na kitanda cha nakshi na dresingi tebo yake, kisha ndoa inaanza kwa kumkwepa mdai. Utulivu uliotajwa katika Sura An-Nahl umekwenda wapi? Kitanda kipo na usingizi haupo.

Mtume (s.a.w.) alisema kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na akabainisha kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Uzuri na kiburi vinaweza kukaa kwenye kiti kimoja, na tofauti yake iko moyoni mwa aliyekinunua. Katika Sura Maryam, aya ya 74, Allah (s.w.) anakumbusha kuwa kabla yetu aliangamiza vizazi vingi vilivyokuwa na vyombo bora zaidi na sura nzuri zaidi. Neno lililotumika hapo kwa vyombo, athath, ndilo lile lile lililotumika katika An-Nahl kuhesabu neema. Kitu ni kile kile. Kwa mmoja kimekuwa utulivu, na kwa mwingine kimekuwa hoja dhidi yake.

Basi, ndugu yangu, kabla hujatoa fedha jiulize mambo manne. Je, nakihitaji, au nataka jirani akione? Je, fedha ni yangu, au ni ya riba na deni lisilolipika? Je, mbao imetoka wapi, na muuzaji anaweza kunionyesha nyundo na hati yake? Je, aliyekichonga amelipwa? Majibu yakiwa mazuri, nunua, pamba, na uwakaribishe wageni bila wasiwasi. Majibu yakiwa mabaya, jamvi safi linatosha. Sayyidna Umar (r.a.) alilia alipoona alama za mkeka ubavuni mwa Mtume (s.a.w.), na hakuna nyumba ya mfalme wa zama zile iliyokuwa na heshima kuliko chumba kile.

Wallahu a'lam.